Chakula cha Tarbaj hupotea kwa msimu, si kwa sahani

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kuwa kila Mkenya hutupa nyumbani kwake kilo 99 za chakula kwa mwaka. Tangu hapo takwimu hiyo imezunguka redioni, kwenye warsha na katika hotuba za viongozi, na ushauri unaoifuata ni ule ule: pakua kiasi utakachomaliza, kiporo kipashe moto, andika orodha kabla ya kwenda sokoni, usijaze friji. Kwa mkazi wa Kilimani, Nairobi, au Nyali, Mombasa, hayo ni maneno ya maana. Mkazi wa Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, yanamfikia kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine. Friji hana. Sinia moja huzungukwa na watu watano au sita, na kinachobaki kimeshapata mwenyewe kabla hakijapoa, awe mtoto anayetoka madrasa, mgeni aliyebisha hodi, au mbuzi. Anjera ya jana huliwa kwa chai asubuhi. Anayekwenda huko kuhubiri dhidi ya israfu huku macho yake yako kwenye sahani atahubiria watu waliohitimu zamani, kisha atarudi Nairobi bila kuona mahali ambapo chakula kinapotea kweli.

Kinapotea baina ya misimu. Mvua za gu zikinyesha vizuri kati ya Aprili na Juni, ngamia na mbuzi hutoa maziwa kuliko vinywa vya kuyanywa na magari ya kuyabeba. Miezi michache baadaye, na hasa kiangazi cha jilaal kinapokaza kuanzia Januari, maziwa yamekauka au yamehama na mifugo, na nyumba ile ile iliyokuwa ikimwaga maziwa yaliyoharibika sasa inachukua sukari, mchele na pasta dukani kwa mkopo. Ndiyo maana nasema kwamba kula vizuri, kutopoteza chakula na kukitengeneza nyumbani, ambayo mjini ni mazoea matatu tofauti, Tarbaj ni kazi moja tu: kuvusha neema ya mvua hadi kwenye kiangazi. Familia ikiweza kuvusha maziwa na nyama yake, hayo matatu yatakuwa yametimia. Isipoweza, hata ikiramba sinia kila siku, bado itapoteza zaidi ya inachokula.

Tukubaliane kwanza kuhusu hesabu zenyewe, kwa sababu ndizo zinazoamua pesa za kampeni ziende wapi. Kilo 99 za UNEP ni za chakula kilichokwisha kuingia nyumbani. Kinachoharibika kabla ya kufika dukani kiko kwenye daftari jingine, la Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ambalo mwaka 2019 lilikadiria kuwa karibu asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno na kabla ya kuuzwa rejareja. Tarbaj imo katika daftari hilo la pili. Na hata humo, ni rahisi zaidi kuhesabu magunia ya mahindi yaliyooza ghalani kuliko maziwa ya ngamia yaliyochachuka vibaya ndani ya jerikeni juu ya lori. Hasara isiyohesabiwa haipati kampeni, na hasara isiyo na kampeni huishia kuitwa desturi ya watu wa huko.

Kwamba tatizo ni la msimu, linasomeka kwenye miili ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini kote. Kilifi, kaunti yenye mvua, minazi na bahari, ilifika asilimia 37. Garissa, jirani mkavu wa Wajir, ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha chini kabisa. Anayedhani kuwa kaskazini hakuna chakula cha maana hawezi kulieleza jambo hilo. Lakini ukigeukia ukondefu, yaani uzito uliopungua kuliko kimo cha mtoto, kaunti za kaskazini ndizo zinazopanda juu kabisa. Udumavu ni alama ya lishe duni ya miaka. Ukondefu ni alama ya njaa ya majuzi. Watoto wa wafugaji hurefuka kwa maziwa, kisha hukonda maziwa yanapokatika. Ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Wasomali wa Ethiopia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts na shirika la Save the Children walifuatilia jambo hili katika mradi ulioitwa Milk Matters. Katika vijiji ambako mifugo michache inayokamuliwa ilipewa malisho na matibabu ili ibaki karibu na nyumba wakati wa kiangazi, watoto waliendelea kupata maziwa na uzito wao ukatulia, ilhali kwingine uliendelea kushuka. Hawakupewa chakula kipya. Kile walichokizoea kilisogezwa miezi kadhaa mbele.

Sasa tuyatazame maziwa yenyewe. Ngamia akizaa hukamuliwa mwaka mzima, pengine zaidi, na huendelea kutoa wakati ng'ombe wameshakauka. Maziwa yake yana vitamini C mara kadhaa kuliko ya ng'ombe, jambo la thamani kubwa mahali ambapo chungwa husafiri siku mbili. Wanawake wa Wajir walikuwa na teknolojia yao ya kuyatunza, nami nalitumia neno hilo kwa makusudi. Chombo husukwa kwa nyuzi za mimea, huoshwa, kisha hufukizwa kwa vijinga vya miti iliyochaguliwa. Moshi huua vijidudu ukutani mwa chombo na kuyapa maziwa harufu ambayo mnywaji wa huko huitambua kabla hajaonja. Yakikaa humo siku moja au mbili huwa suusa, maziwa mala ya ngamia, yanayodumu siku kadhaa bila barafu. Kisha likaja jerikeni la manjano, lililokuwa la mafuta ya kupikia. Ni jepesi, bei yake ndogo, halivunjiki barabarani. Lakini mdomo wake haupitishi mkono, pembe zake hazifikiwi na brashi, mpini wake una uwazi ndani ambamo maziwa ya juzi hujificha, na ukilitia kijinga cha moto litayeyuka. Maziwa ya nyumba kumi yakishachanganywa humo, ya asubuhi na ya jana jioni pamoja, nyumba moja yenye chombo kichafu inatosha kuharibu mzigo wote. Ikiwa kuna tabia moja ya jikoni ningeomba ibadilike Tarbaj leo, basi ni hiyo: maziwa ya jana na ya leo yasikutane, na chombo kiwe cha mdomo mpana, cha kusukwa au cha alumini, kinachooshwa na kukaushwa juani.

Hapa daktari atanikatiza, na ana haki. Maziwa mabichi ya Wajir yanaweza kubeba bruselosisi, ugonjwa unaoleta homa zisizoisha na maumivu ya viungo, na ambao mara nyingi hutibiwa kama malaria kwa wiki nyingi kabla haujajulikana. Moshi hupunguza vijidudu vya chomboni lakini hauponyi maziwa yaliyotoka kwa mnyama mgonjwa, wala uchachu peke yake si kinga ya kutegemea. Watafiti wa suusa wa Kenya na Somalia wamekuta pia bakteria wengine ambao wana shaka nao, walioenea katika maziwa yanayoachwa yachachuke yenyewe. Hoja hii siipingi hata kidogo. Ninalopinga ni hitimisho linalofungwa nyuma yake, kwamba basi mama wa Tarbaj aache suusa anunue maziwa ya pakiti au ya unga. Mwaka 1990 mtafiti Zakaria Farah na wenzake walichapisha matokeo ya kutengeneza suusa kutokana na maziwa ya ngamia yaliyopashwa moto, kisha yakatiwa bakteria wa kuchachusha waliochaguliwa badala ya kuachiwa bahati. Ladha ilitoka sawasawa kila mara na maziwa yakadumu muda mrefu zaidi kuliko ya njia ya kawaida. Nyumbani, jambo la karibu na hilo ni kuchemsha, kuacha yapoe kwa kufunikwa, kisha kutia kijiko cha suusa nzuri iliyotengenezwa vivyo hivyo. Wazee watasema maziwa ya ngamia yaliyochemshwa yamekufa. Ni kweli kwamba moto hupunguza sehemu ya vitamini C. Lakini inayobaki ni zaidi ya ile inayopatikana kwenye kikombe cha chai ya rangi, na homa ya miezi sita ina hasara kuliko ladha iliyopungua.

Nyama ina hesabu kali kuliko maziwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mnamo 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na hadi ulipokwisha mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa nchini. Katika jamii ya Waislamu hasara hiyo haina masalio: mnyama aliyekufa mwenyewe ni mzoga, na mzoga hauliwi. Mbuzi anayechinjwa Desemba ni chakula cha wiki kadhaa. Mbuzi yule yule akianguka Februari ni kazi ya fisi. Na mbinu ya kuivusha nyama hiyo ipo, tena tamu. Nyirinyiri, ambayo Wasomali wengine huiita oodkac au muqmad, ni nyama iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena vidogo, ikakaangwa hadi maji yote yakatoka, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli au mafuta ya ngamia. Bakteria huhitaji maji, na humo hayamo; hewa nayo imezuiwa na mafuta. Hukaa miezi bila friji. Katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, inauzwa kama kitu cha anasa, na maharusi hupelekewa, wakati kule ilikozaliwa mnyama wa kuitengenezea anaachwa hadi aanguke.

Mfugaji ana jibu, na ni jibu lenye akili kuliko wataalamu wengi wanavyokiri. Mifugo ni benki yake, bima yake na heshima yake. Anayeingia ukame na wanyama mia atatoka na ishirini. Anayeingia na ishirini atatoka mikono mitupu. Kumwambia apunguze kundi ni kumwambia atoe akiba siku benki inapotikisika, na kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila mtu anauza siku hiyo hiyo. Hayo yote ni kweli. Ila katika kundi la mia wamo madume yasiyohitajika kwa mbegu, wamo majike waliozeeka, wamo wale ambao mchungaji mwenyewe, akiwatazama Novemba, anajua hawataiona gu. Hao si akiba tena. Kuhusu bei, dawa yake ni kuwahi. Katika ukame wa 2005 na 2006 upande wa Moyale, Ethiopia, wafanyabiashara walisaidiwa kwenda kununua ng'ombe mapema, na tathmini iliyofuata ilikadiria faida mara 41 ya pesa za msaada zilizotumika. Siichukui namba hiyo kama ahadi kwa Tarbaj, maana Moyale ilikuwa na wanunuzi na barabara. Naichukua kama kipimo cha kuwahi. Kwetu, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa kila mwezi taarifa ya kila kaunti kame, ikiipanga katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Ununuzi wa mifugo hungoja sana hadi mifupa ionekane kwenye picha za televisheni, wakati mnyama aliyebaki hata nyirinyiri hana. Uanze kwenye tahadhari, na sehemu ya nyama ibaki Tarbaj, ikaushwe na wanawake wa Tarbaj kwa malipo, iliwe na wanafunzi wa shule za Tarbaj badala ya kusafirishwa ikiwa hai hadi machinjio ya mbali.

Pengo la kisichovushwa hujazwa na duka, na duka lina namna yake ya kulisha. Mchele, pasta, unga wa ngano, mafuta na sukari vina sifa ambayo maziwa hayana: haviozi kwa joto. Ndiyo maana vimeshinda, wala si kwa uvivu wa mtu. Tatizo ni kwamba sinia la wali na mafuta hujaza tumbo na kuacha damu haina chuma, na chai ya maziwa yenye sukari hadi kijiko kisimame imekuwa mlo kamili wa watu wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana 25, sawa na vijiko sita hivi vidogo. Vikombe vitatu vya chai ya Wajir vinamaliza fungu hilo kabla ya adhuhuri. Zamani mchungaji aliimaliza sukari hiyo kwa kutembea. Mwanawe aliyehamia mjini huketi. Hapa kupunguza ni tabia ya nyumbani isiyohitaji mfadhili: kijiko kimoja kishuke kila mwezi, na ulimi utazoea.

Mboga ni habari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliona kuwa asilimia 94 ya Wakenya hawafikii kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa, na hao ni pamoja na wa Kiambu walio na shamba mlangoni. Kumdai mtu wa Tarbaj afikie kiwango hicho kwa sukumawiki, mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe hungojewa kwenye silanga au kisima kirefu, ni kumfanyia dhihaka. Bustani za mifuko zimeletwa kwenye maeneo makavu mara nyingi, na mfadhili akiondoka ndoo ya maji hurudi kwa mtoto na mbuzi, mahali inapostahili. Naona njia tatu za karibu zaidi. Kwanza kunde na maharagwe, ambayo ni makavu kama mchele na hukaa kama mchele. Kikombe kimoja ndani ya sufuria ya wali hubadilisha mlo. Pili matunda ya mwituni, kama kunazi, ambayo watoto huyajua na watu wazima wameyaachia watoto. Tatu maembe ya Mto Tana. Huko Garissa msimu wake ukifika huoza chini ya miti, na jua la kuyakausha halinunuliwi. Embe kavu husafiri hadi Tarbaj bila kupondeka, na barabara ya Isiolo, Wajir, Tarbaj, Kotulo hadi Mandera ikikamilika itafupisha safari hiyo. Itafupisha pia safari ya soda na biskuti, bila shaka.

Kuna pingamizi ambalo sina jibu lake kamili. Kuchemsha, kufukiza, kuanika, kukaanga, kukoroga: ni nani anayefanya? Ni mama yule yule anayechota maji na kutafuta kuni, na kila tabia njema inayopendekezwa na mwandishi wa gazeti humwongezea saa moja. Jerikeni na pasta vilimpunguzia kazi, na asidharauliwe kwa kuvipokea. Jambo linaloweza kusemwa ni kwamba kazi hii ikifanywa kwa pamoja na kwa malipo si mzigo wa aina ile ile. Kikundi cha wanawake chenye jiko sanifu moja, waya safi wa kuanikia na makopo ya alumini huchemsha maziwa ya nyumba ishirini kwa kuni za nyumba chache. Familia zilizopoteza mifugo yote katika ukame uliopita, ambazo leo zinaishi kando ya barabara kwa kutegemea vibarua na pesa za HSNP, mpango wa kuzikinga familia dhidi ya njaa, zinaweza kuingia humo pia, kwa kuwa nyirinyiri haimwulizi mkataji nyama kama mbuzi alikuwa wake. Kuhusu kuni zenyewe, kila mti unaokatwa karibu na kijiji hurefusha mwendo wa kesho, na sijaona mpango wa lishe wa kaunti yoyote kame unaolipa swali hilo uzito wake.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai, gu ikiwa imetoka kwisha na maziwa bado yapo, na makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili kumalizika, jilaal ikiwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu. Kwa hiyo vikao vya maoni ya umma hukutana na wananchi wakati mzuri kuliko wanavyodhani. Mwakilishi wa wadi akifika Tarbaj na orodha ya visima na madarasa, aulizwe pia pesa za kununua mifugo hali ya tahadhari inapotangazwa ziko katika fungu gani, makopo ya maziwa yatagharimiwa na idara ya mifugo au ya biashara, na kwa nini shule inayopika maharagwe na mchele wa msaada haijawahi kuagiza hata kilo moja ya nyirinyiri kwa wazazi wa watoto wake.